Mwarobaini ulivyofika Munich: hataza ilitolewa, ikapingwa, ikafutwa

Mwezi uliopita mama mmoja wa Mabwepande alinipigia simu amefadhaika kabisa. Namfahamu kupitia kikundi cha wakulima wa mboga ambacho huwa nakisaidia kwenye makaratasi, na yeye anatengeneza dawa ya kupulizia bustani kwa mbegu za mwarobaini, anaiweka kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, wateja wake ni watu wa matango, bamia na maboga kuanzia pale kwake mpaka Bunju. Sasa kijana wa dada yake kamrushia klipu WhatsApp, jamaa anaongea kwa ukali kwamba Wazungu wameshaumiliki mwarobaini kwa karatasi na yeyote anayeuza dawa yake bila ruhusa anashtakiwa. Mama wa watu kaogopa, kaacha kuuza, chupa kumi na tisa zimekaa chini ya kitanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niambie ukweli tu, nitafungwa?"

Hafungwi, nilimwambia palepale. Ila nikaona niandike kisa chote, sababu ile klipu imechukua jambo la kweli ikalikata katikati. Hataza ya mwarobaini, au patenti kama wengi tunavyosema, yaani haki ya peke yake juu ya uvumbuzi, ilikuwepo kweli, ilitolewa na ofisi kubwa sana, na ilifutwa. Na namna ilivyofutwa ndo inamhusu huyu mama kuliko hata namna ilivyotolewa.

Tuanze na kilichoandikwa, maana hapo ndo watu wengi wanapotea. Maombi yaliingia Ofisi ya Hataza ya Ulaya, iliyoko Munich, Ujerumani, mwezi Desemba 1990, waombaji wawili, kampuni ya kemikali ya Marekani inaitwa W.R. Grace na serikali ya Marekani yenyewe kupitia wizara yake ya kilimo. Hataza ikatoka tarehe 14 Septemba 1994, namba EP 0436257. Mti wenyewe hakuna aliyeumiliki, tuelewane hapo. Walichopewa ni njia ya kuzuia fangasi kwenye mimea: unachukua mafuta ya mbegu za mwarobaini yaliyokamuliwa kwa kiyeyusho kisichopatana na maji, mafuta ambayo karibu hayana azadirakitini (kemikali ya kwenye mbegu, nitaieleza hapo chini) kabisa, unaweka asilimia 0.1 mpaka 10, unaongeza kitu cha kuyafanya yashikane na maji asilimia 0.005 mpaka 5, kinachobaki maji, unapulizia.

Isome tena taratibu. Mafuta, kitu kama sabuni, maji.

Nilivyoenda kwa mama nikamuomba anionyeshe anavyofanya. Anaokota mbegu zilizodondoka, anazianika kivulini, anazitwanga kwenye kinu, halafu ule unga anaukanda kwa maji moto kidogo kidogo kama anakanda donge la chapati mpaka mafuta yanaanza kutoka kwenye vidole, ya kahawia, harufu kali kama kitunguu saumu kilichooza. Anayakusanya kwenye kopo. Siku ya kuchanganya anakwangua sabuni ya mche, anaiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, anamimina mafuta huku anakoroga, na hapo unaona maji yanageuka meupe kama maziwa. Anachuja kwa kipande cha kanga, anatia kwenye bomba la mgongoni. Nikamuuliza sabuni ya nini? Akaniangalia kama namuuliza chumvi ya nini kwenye mboga. "Bila sabuni mafuta yanaelea juu mwanangu, unapulizia maji matupu."

Niwe mkweli kwenye tofauti iliyopo, sababu kwenye hataza tofauti ndogo ndo uwanja wa vita. Azadirakitini ni ile kemikali iliyomo kwenye mbegu inayomfanya mdudu aache kula jani. Mafuta ya mama yanabaki nayo kiasi. Wenye hataza walisema mafuta yao hayana, na bado yanaua ukungu wa kwenye majani, na hilo ndo walilosema wamegundua. Sio maneno ya kijinga. Mtu wa maabara anaweza kukaa miaka kutenganisha kilichomo na kisichomo. Swali la sheria ni jingine: je, siku wanapeleka maombi, jambo hilo lilikuwa halijawahi kufanyika hadharani popote, na kama lilikuwa halijafanyika hivyohivyo, je, mtu mwenye ujuzi wa kawaida wa fani ile asingefika hapo mwenyewe?

Ulaya wana utaratibu ambao natamani kila mtu wa tiba asili na kilimo hapa kwetu aujue. Hataza ikishatangazwa kwamba imetolewa, kuna dirisha la miezi 9 ambapo mtu yeyote anaweza kupeleka pingamizi kwenye ofisi ileile iliyoitoa. Yeyote kabisa, huhitaji kuwa mshindani wa biashara wala kuonyesha umeumia. Hataza ya mwarobaini ilitoka Septemba 1994, dirisha lilikuwa linafungwa katikati ya Juni 1995, na Juni 1995 pingamizi likaingia. Walioleta ni watatu: Vandana Shiva wa India, shirikisho la kimataifa la kilimo hai IFOAM ambalo Linda Bullard alisimama kwa niaba yake, na kundi la chama cha Kijani kwenye Bunge la Ulaya ambako alikuwepo Magda Aelvoet. Wanawake watatu, na upande wa pili kuna kampuni na dola.

Hoja zao zilikuwa kadhaa. Iliyopigiwa kelele zaidi ni ya maadili, kwamba ni aibu kumpa mtu haki ya peke yake juu ya maarifa ambayo wakulima wa India wameyatumia vizazi na vizazi. Sheria ya Ulaya kweli inakataza hataza zinazokwenda kinyume na maadili ya jamii, kwahiyo haikuwa hoja ya hewani. Na mimi naikubali kwa moyo wote, nikikumbuka bibi yangu Temeke anatuchemshia majani yale tukiwa na homa, kikombe kimoja kichungu mpaka machozi, naona kabisa dhuluma ilipo. Lakini hoja ya maadili haikuiangusha ile hataza. Kilichoiangusha ni hoja kavu zaidi, ya tarehe.

Kuna bwana anaitwa Abhay Phadke, mwenye kiwanda Pune, India. Yeye alikwenda Munich akasimama kama shahidi, kwenye shauri lililosikilizwa tarehe 9 na 10 Mei 2000. Akaeleza kwamba alitengeneza dawa ya fangasi kwa mafuta ya mwarobaini, na ikajaribiwa mashambani kiangazi cha 1985 na cha 1986, kwenye wilaya za Pune na Sangli, jimbo la Maharashtra. Ona alivyoongea: bidhaa gani, nani kaitengeneza, shamba la wapi, msimu gani wa mwaka gani. Yaani miaka minne mitano kabla W.R. Grace hawajapeleka maombi yao Ulaya.

Hapa naomba nikae kidogo, sababu ndo kiini chenyewe. Sisi huku tukiongelea maarifa ya asili tunasema "tangu enzi za mababu", na ni kweli kabisa, na kwenye ofisi ya hataza sentensi hiyo haina pa kushika. Mpima hataza haulizi kama ni ya zamani, anauliza ni ya lini. Anataka kujua mchanganyiko ulikuwa na nini, ulitumika kwa ugonjwa upi wa mmea upi, na je watu wa nje waliuona au ilikuwa siri ya ukoo, sababu kitu kilichofichwa ndani ya familia kinaweza kuhesabika kwamba umma haujakipata. Hili la mwisho linaniuma. Mganga aliyetunza siri ya dawa kwa heshima ya mila yake anaweza kujikuta siri ileile inamponza, wakati aliyeitangaza sokoni kwa kipaza sauti kajikinga bila kujua. Phadke alikuwa mtu wa kiwanda, alikuwa na mazoea ya kiwanda, majaribio yana msimu na yana wilaya. Mkulima wa Sangli aliyekuwa anafanya vilevile miaka mia kabla yake, bila kuandika, asingeweza kusaidia kwa kiasi hicho, japo yeye ndo chanzo cha yote. Sio haki, lakini ndo ilivyokuwa, na mtu akija kwangu na dawa yake namwambia hivyohivyo bila kupaka sukari.

Tarehe 10 Mei 2000 Idara ya Pingamizi ikaifuta hataza yote. Watu wakashangilia, magazeti duniani yakaandika kwamba mwarobaini umeachiwa huru. Wengi hawakuona kilichofuata. Wamiliki wakakata rufaa, na Ulaya rufaa inasimamisha uamuzi, maana yake hataza iliyofutwa Mei 2000 ikaendelea kuwepo kwenye daftari mpaka rufaa iishe. Rufaa ikaisha tarehe 8 Machi 2005, Siku ya Wanawake Duniani kwa bahati tu ya kalenda, Bodi ya Rufaa ikaitupa, hataza haikuwa na hatua ya ubunifu, yaani mtu mwenye ujuzi wa kawaida angefika hapo mwenyewe, mwisho wa habari. Kisheria hataza iliyofutwa kwa pingamizi inahesabika kama haikuwahi kuwa na nguvu tangu siku ya kwanza.

Kwenye karatasi ni hivyo. Ila piga hesabu ya maisha. Toka Septemba 1994 mpaka Machi 2005 ni miaka kumi na nusu. Hataza inaishi miaka 20 toka maombi yapelekwe, kwahiyo hii ingekufa yenyewe Desemba 2010. Zaidi ya nusu ya umri wake ilikuwepo, inatisha watu, hata kama baadae imesemwa haikuwahi kuwepo. Mfanyabiashara mdogo wa Ulaya aliyetaka kuingiza mafuta ya mwarobaini ya kuzuia ukungu mwaka 1997, nani angemwambia subiri tu, miaka nane ijayo utaambiwa ulikuwa na haki? Kwangu huu ndo udhaifu mkubwa wa kisa hiki, ushindi ulikuja umechelewa, na ulibebwa na watu wenye uwezo wa kukaa kwenye kesi miaka kumi.

Mtu ataniuliza, na Marekani je? Huko mambo yalikuwa magumu zaidi, na sababu yake ilikuwa kwenye maneno ya sheria yenyewe. Enzi zile sheria ya Marekani ilihesabu matumizi ya hadharani pale tu yalipofanyika ndani ya Marekani. Yaliyofanyika nje yalihesabika kama yamechapishwa au yamepewa hataza, basi. Kwahiyo Phadke yuleyule na mashamba yaleyale ya Sangli, angesimama mbele ya ofisi ya Marekani na ushuhuda wake wa mdomo, usingehesabika, sababu Sangli sio Marekani. Kama ulifanya kwa mikono na hukuandika, na uko nje ya mpaka wao, hukufanya.

Ndo maana kesi ya manjano iliwezekana kulekule Marekani, yenyewe ilikuwa na maandishi. Hiyo ilikuwa hataza ya 1995 ya chuo cha tiba cha Mississippi juu ya kutumia unga wa manjano kuponya vidonda, jambo ambalo mama yeyote wa Kariakoo anayeuza viungo angekueleza bila kupumua. Baraza la utafiti wa sayansi la India, CSIR, likaomba hataza ipitiwe upya, likapeleka marejeo 32, mengine ya Kisanskriti ya kale na mojawapo makala ya jarida la madaktari wa India la 1953. Mwaka 1997 ikafutwa. Manjano ilishinda kwa vitabu na mwarobaini ukashinda kwa shahidi.

Sheria ile ya Marekani imebadilika, na hili ndo badiliko ninalolipenda kuliko yote. Mageuzi yalipitishwa 2011, na kwa maombi yaliyopelekwa kuanzia tarehe 16 Machi 2013 ule mpaka wa kijiografia umeondolewa: kitu kilichotumika hadharani popote duniani kinahesabika. Wakaanzisha pia njia mbili za kuipinga hataza iliyokwishatolewa bila kwenda mahakamani kwanza. Ya kwanza ina dirisha la miezi 9, karibu sawa na Ulaya, na unaweza kuleta karibu hoja yoyote ya ubatili, ikiwemo matumizi ya hadharani. Ya pili inafunguka baada ya hapo, lakini humo unaruhusiwa kuleta hataza nyingine na machapisho tu. Unaona lilivyo? Ukichelewa miezi 9, shahidi wako wa Mabwepande hana tena nafasi kwenye ofisi ile, unabaki na karatasi zilizochapishwa au uende mahakamani kwa gharama ambazo hata kuzitamka ni kazi. Wapo waliosema kuiacha ofisi ifute hataza ni kunyang'anya mali bila mahakama, hoja ikafika mpaka Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Marekani, na mwaka 2018 ikakataliwa, utaratibu ukabaki.

Badiliko jingine ni la karibuni na kwangu lina ladha mbili mdomoni. Tarehe 24 Mei 2024 huko Geneva nchi wanachama wa shirika la miliki bunifu la Umoja wa Mataifa, WIPO, walipitisha mkataba kuhusu rasilimali za kijenetiki na maarifa ya asili yanayoambatana nazo. Mwombaji wa hataza ambayo uvumbuzi wake umetegemea mmea fulani au maarifa ya jamii fulani atatakiwa kutaja vimetoka wapi. Nchi za kwetu zimepigania jambo hili zaidi ya miaka ishirini, na nimefurahi. Lakini nenda kwenye kifungu cha 5. Kinasema hataza haitafutwa wala kubatilishwa kwa sababu tu mwombaji hakutaja chanzo, isipokuwa nchi inaweza kuweka adhabu za baada ya hataza kutolewa pale palipokuwa na nia ya udanganyifu. Yaani mtu akikaa kimya, ukagundua hataza ikiwa imeshatoka, ukimya peke yake hauiangushi mpaka uthibitishe alidhamiria kudanganya, na nani anathibitisha kilichokuwa moyoni mwa kampuni? Nafikiri hapa tumepewa mkono mmoja tukafungwa mwingine. Faida iliyopo ni kwamba chanzo kikitajwa utajua pa kuchungulia na dirisha la pingamizi utaliona likiwa bado wazi, na hoja za upya na ubunifu zimebaki palepale, mkataba haujazigusa.

Turudi nyumbani. Hataza ni ya nchi kwa nchi, ile ya Munich hata ilipokuwa hai haikuwa na nguvu Tanzania, na mama angeuza chupa zake elfu bila kuvunja chochote chake. Kwetu hataza inaweza kuingia kwa njia mbili, BRELA, wakala wetu wa usajili wa biashara, moja kwa moja, au ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika kule Harare, ambako mwombaji anataja Tanzania kwenye orodha ya nchi anazotaka. ARIPO wakiona maombi yanafaa wanaiarifu nchi, na nchi ina miezi 6 ya kusema kwetu hii haitakuwa na nguvu. Ikinyamaza, hataza inakuwa na nguvu kama iliyotolewa hapahapa, na anayetaka kuibatilisha anaingia kwenye mahakama zetu. Miezi sita inapita haraka sana ofisini, na mkulima hayumo kwenye hayo mawasiliano. Natamani vikundi kama cha Mabwepande viwe na mtu wa kufuatilia matangazo, hata mmoja kwa mkoa mzima. (Suala la mama kusajili dawa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ili auze kihalali ni lingine kabisa, nilimwambia wazi asilikwepe, tumeanza kulishughulikia.)

Nilimweleza yote haya tumekaa uani kwake chini ya mwarobaini wenyewe. Akanyamaza kidogo, akauliza swali ambalo mawakili wa Munich wangelifurahia: "Kwahiyo akitokea mtu kesho akaandika hii ya kwangu, na mimi nilianza zamani, nitasemaje?"

Nikamuuliza alianza lini. "Zamani mwanangu, hata sikumbuki." Mama, zamani ipi? Akafikiri. Akasema walikuwa wanalima mchicha bonde la Msimbazi, maji yakaja usiku yakachukua kila kitu, wakahamishiwa huku, na msimu wa kwanza wa huku matango yakashikwa na unga mweupe kwenye majani, ndo akakumbuka mafuta ya mama yake, akajaribu. Yale mafuriko ni Desemba 2011. Msimu wa kwanza wa Mabwepande ni 2012. Mwaka umepatikana.

Nilikuwa nimepita stationari nikamnunulia kaunta buku, ya kurasa nyingi, gamba gumu. Ukurasa wa kwanza akaandika mwenyewe kwa herufi kubwa: 2012, Mabwepande, matango, unga mweupe. Chini yake vipimo vyake kama anavyovitaja yeye, kikombe kimoja cha chai cha mafuta, kipande cha sabuni ya mche upana wa vidole viwili, ndoo moja ya lita kumi. Akaendelea na anaowakumbuka waliokuja kuchukua dawa mwaka ule, kila mmoja na alichokuwa analima.

Nikamuuliza, mteja wa kwanza kabisa, aliyelipa hela, ni nani?

"Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alinunua chupa mbili za bamia. Kahamia Chanika." Akaanza kupapasa pindo la kanga alikofunga simu. "Ngoja, namba yake ninayo."